Figa Limetumwa kwa Meli

Shemeji yangu Gaudensi alifika Kasense siku ya nne baada ya kumzika mume wangu, akiwa na sanduku moja ambalo vijana wawili walilishusha garini huku wakiulizana huko Ulaya siku hizi wanafungasha nini. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki kilekile cha enzi zetu, cha "ndugu" na "tafadhali sana". Alilia kaburini, akala kidogo, na kesho yake asubuhi, tulipobaki wawili jikoni, aliniuliza swali nililolisubiri kwa miaka arobaini hivi mpaka nikaanza kuamini kwamba halitakuja. "Shemeji, mwaka ule, telegramu yangu ya kwanza ilipokelewa na nani pale posta?" Nikamwambia angoje kidogo, chai inachemka. Chai ilikuwa bado haijawekwa motoni.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona msomi kuliko watu wote wa Sumbawanga, ukimtoa askofu. Nilifanya kazi posta, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja lililotazama uwanda usio na mti, na upepo wa Ufipa uliingia humo bila kubisha hodi. Kulikuwa na meza, mizani ya vifurushi, kopo la gundi, na simu nyeusi iliyotuunganisha na Mbeya. Telegramu zilisomwa kwa simu hiyo na karani wa Mbeya ambaye sikuwahi kumwona sura, nami niliziandika kwa penseli, kisha nikazinakili kwa wino kwenye karatasi safi ya kumpelekea mwenyewe. Laini ilikoroma na kupiga miluzi, kwa hiyo neno likigoma tulitajiana herufi kwa majina ya watu: A kwa Asha, F kwa Fatuma, O kwa Omari. Bwana mkubwa wetu, mtu wa Mbeya ambaye kola yake ilinyooka hata sabuni ilipoadimika nchi nzima, alitufundisha kwamba karani mzuri hasikii tu, anaelewa. Mtu akituma MAMA AMEFIKA SALAMU, ujue ni salama, sahihisha. Nilisahihisha nyingi mwaka ule, nikasifiwa, na sifa zilinilevya.

Nilipanga chumba cha uani kwa Bi Zuhura, ambaye mumewe alikuwa na malori mawili ya kwenda Tunduma. Tulikula sinia moja, yeye na mabinti zake na mimi: ugali wa ulezi na maharage, na siku lori likipanda kutoka Muze, samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Sukari ilikuwa imepotea, tukawa tunakunywa chai kwa sukari guru, na Bi Zuhura alisema ujamaa umetufundisha kunywa chai kwa kumbukumbu. Ukutani kwangu nilisikia madereva wakizungumza njia, nao hawakuhesabu maili, walihesabu siku: Laela siku moja Mungu akipenda, Tunduma mbili, na mvua zikichanganya usiulize. Bi Zuhura naye alikuwa na hadithi zake. Mojawapo ilikuwa ya mjomba wake aliyeugua ugenini, dawa zote zikashindwa, mpaka ndugu walipompelekea udongo wa uani kwao kwenye kitambaa, akaunusa, akaamka. Niliisikia hadithi hiyo mara tatu au nne kwenye sinia, na sikudhani kwamba inaingia kichwani mwangu na kukaa.

Telegramu ya Gaudensi ilikuja mwezi wa Februari, mvua ikipiga bati hata nikaziba sikio moja kwa kidole. Yeye nilimjua kwa jina tu, kijana wa Kasense aliyepelekwa Ulaya na serikali kusomea kemia, na mji mzima ulijivunia. Karani wa Mbeya alisoma: MAMA NAUMWA SANA. NAOMBA FIGO MOJA KUTOKA NYUMBANI. KAKA AFANYE HARAKA. BARUA INAFUATA. Nikamuuliza, figo au figa? Akanijibu kwa uchovu: F kwa Fatuma, I kwa Idi, G kwa Gogo, O kwa Omari. Hapa nataka nieleweke, kwa sababu maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba laini ilikuwa mbovu. Laini ilikuwa mbovu kweli, lakini Omari nilimsikia vizuri kabisa, na kwa penseli niliandika O.

Kisha nikaanza kuelewa, kama nilivyofundishwa. Figo kwangu lilikuwa kitu cha mbuzi, unalibanika kwa chumvi unampa mgeni. Mtu kumwomba ndugu yake figo sikuwa nimelisikia popote, si shuleni, si redioni. Figa ndilo nililolijua. Na tena nilimjua mama yake Gaudensi, kila mtu alimjua, kwa sababu wakati wa Operesheni, watu walipohamishiwa kwenye kijiji kipya, wenzake walibeba milango na mabati na yeye alibeba mafiga yake matatu kichwani, safari tatu, akisema hawezi kupikia juu ya mawe asiyoyajua. Sasa kijana wake ni mgonjwa, yuko ugenini, anaomba figa moja kutoka nyumbani. Nilipoinakili kwa wino, nikaandika A. Bwana mkubwa alipita, akaisoma begani kwangu, akasema hawa watu wa Mbeya hawajui kuandika, yeye mwenyewe mtu wa Mbeya. Nilijisikia mwerevu siku nzima.

Niliipeleka Kasense kwa miguu yangu. Mama alikuwa jikoni, maharage yako motoni, moshi umejaa hata nikamsomea huku nikilia machozi ambayo hayakuwa ya huruma. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Desideri, mwanawe mkubwa, alikuwa ameingia kutoka shamba na kusimama mlangoni na jembe lake, akanisalimia bila kuniangalia, na wote watatu tukabaki tunatazama yale mawe matatu chini ya chungu. Desi alisema labda ni chombo fulani cha Kizungu kinachoitwa hivyo. Mama akasema mgonjwa habishiwi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepima kitu, "Figa moja haliinjiki chungu. Na mawili je?" Kesho yake Desi alikuja dirishani akatuma jibu: FIGA LIMETUMWA KWA MELI. POLE. KAKA. Nililisoma mwenyewe kwa Mbeya, na safari hii karani ndiye aliyeniuliza, figa au figo? Nikamwambia kwa ukali, A kwa Asha.

Mama alileta jiwe Ijumaa, kichwani, ndani ya gunia, akitembea taratibu kama aliyebeba maji. Upande mmoja lilikuwa jeusi la masizi, upande mwingine la rangi ya udongo, na tulipoliweka kwenye mizani lilikuwa bado na joto. Bwana mkubwa alilikwaruza kwa kisu, kwa sababu siku hizo watu walikuwa wakikamatwa kwa kuhujumu uchumi na hakutaka kusikia kwamba posta yake inatorosha madini. Aliporidhika kwamba ni jiwe tu, aliniachia nijaze fomu, na kwenye nafasi ya kuandika kilichomo nikaandika: jiwe la jikoni, moja, limetumika. Mama aliniuliza kama litafika zima. Nilimwambia jiwe halichachi wala halivunjiki, mama, liwe na miezi mingapi baharini. Alinishukuru kwa mikono miwili, akaenda, na kuanzia siku hiyo chungu chake kilikaa juu ya mafiga mawili na kipande cha tofali la kuchoma. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuna hata mmoja wetu, mimi, Desi, mama, bwana mkubwa, aliyesema kwamba jambo hili halina maana. Nadhani ulikuwa mwaka ambao mambo mengi hayakuwa na maana, na tulikuwa tumezoea kutii karatasi.

Barua ilifika katikati ya Machi. Mama aliileta kwangu kwa sababu mwandiko ulikuwa mdogo na Desi alikuwa amepeleka mahindi Laela. Tulikaa uani kwa Bi Zuhura, kwenye mkeka, na katika mstari wa tatu nikakutana na neno figo, limepigiwa mstari, na baada yake maneno mawili: la mwilini. Nilirudia mstari ule kwa macho hata mama akadhani nimefika penye msiba. Ikabidi niendelee. Mafigo yake yote mawili yalikuwa yamekufa, aliandika, na alikuwa akiishi kwa mashine ya kusafishia damu. Madaktari wa huko waliweza kutoa figo moja la ndugu na kumpandikizia, na ndugu akabaki na lake moja, akalima na kuzaa kama kawaida. Kisha, kurasa mbili nzima, akaeleza namna figo linavyotunzwa likiwa nje ya mwili, kwa sababu ndilo somo walilokuwa wakilichunguza kwenye maabara yake. Aliandika kama mwanafunzi anayelipenda somo lake hata anapokufa kwalo. Figo likitolewa, alisema, damu imekatika lakini halifi papo hapo. Linaendelea kufanya kazi kidogo kidogo bila hewa, na katika kufanya kazi hiyo linachacha, kama uji uliosahauliwa, na uchachu wake wenyewe ndio unaoliua. Kwa hiyo wanalisafisha kwa maji baridi sana yenye chumvi kidogo na kitu kinachoitwa histidini. Histidini ni asidi amino, kimojawapo cha vipande vinavyojenga protini, na msishangae, aliandika, imo hata kwenye maharage ya mama. Kazi yake ni kuunyonya ule uchachu unapojitokeza. Haiponyi figo wala hailiongezei nguvu. Inalipa muda tu, siku moja, pengine na zaidi kidogo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. "Kwanza figa, sasa figo," alisema. "Huyu mtoto homa imempanda kichwani." Pale ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni: mama, aliomba figo tangu mwanzo, ni mimi. Sikusema. Niliogopa kufukuzwa kazi, nilimwogopa bwana mkubwa, na niseme ukweli wote, nilimwogopa zaidi Desi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumtazamia kila lori la Laela liliporudi. Nikasema laini za simu zina matatizo sana wakati wa mvua. Bi Zuhura, aliyekuwa akichambua mchele na kusikia kila kitu, aliniangalia mara moja, akarudi kwenye mchele wake.

Desi aliporudi alinifanya nisome ile sehemu ya histidini mara tatu. Kisu hakikumtisha, alisema hivyo na nilimwamini. Kilichomsumbua ni kutoelewa, na jioni ile uani kwa Bi Zuhura hakuna aliyeelewa. Mama alitaka kujua, kama hiyo histidini imo kwenye maharage, kwa nini Gaudensi asitumiwe maharage. Mimi, msomi, nilijaribu kueleza kwamba histidini ni ya kulitunza figo na si ya kumponya mtu, nikajikuta nimesema kinyume chake. Desi naye aliwaza muda mrefu, halafu akasema, kama maji hayo yanalisubirisha, basi daktari wa hapa alitoe, lifungwe kwenye kopo, lisafiri peke yake. Bi Zuhura alicheka mpaka akakohoa. "Siku moja hujafika Tunduma, baba. Litachachia Laela, na histidini yake." Desi hakucheka. Alinyanyuka, akajishika kiuno pale ambapo mtu hushika akiumwa mgongo, akasema, "Basi litasafiri ndani yangu. Humo halichachi." Nilimwambia nitume telegramu kumjulisha mdogo wake. Akakataa, akasema telegramu zimeshatuchanganya vya kutosha, na kwamba mtu akifika mwenyewe hasomwi vibaya.

Aliondoka na lori la mume wa Bi Zuhura. Walikwama kwenye tope karibu na Laela siku tano, na alipofika Dar es Salaam akaanza kusubiri pasi ya kusafiria, karatasi ikitaka karatasi nyingine, akilala kwa jamaa wa dereva. Wiki zikapita. Mimi nilikaa chumba cha nyuma nikiiogopa simu nyeusi, na mwishoni mwa Aprili ikalia. Safari hii nilimwomba karani wa Mbeya atamke kila herufi, mara mbili, mpaka akaniuliza kama ninaumwa. NIMEPATA FIGO LA MAREHEMU. NI MZIMA. KAKA ASIJISUMBUE. Nilinakili herufi kwa herufi, sikusahihisha hata nukta, nikaipeleka Kasense nikikimbia. Nilimsomea mama. Akaniuliza, "Marehemu yupi?" Nikaona uso wake unabadilika, na ndipo nikaelewa anachofikiri: kwamba Desi amefika, amepasuliwa, amekufa. Mimi mwenyewe kwa dakika moja niliamini hivyo, nikaketi juu ya kuni. Tuliisoma tena na tena mpaka mstari wa mwisho ukatutuliza, kwa sababu marehemu haambiwi asijisumbue. Baadaye sana barua ilitueleza kwamba marehemu alikuwa mtu asiyejulikana kwetu, aliyefia mji wa mbali, na figo lake lilisafirishwa kwa treni saa nyingi ndani ya boksi la barafu, likiwa limesafishwa kwa yale maji ya histidini.

Desi, aliyepelekewa habari na dereva wa lori, alirudi mwezi wa Mei, amekonda, na pasi mfukoni iliyotoka siku mbili baada ya telegramu. Hakuitumia maisha yake yote. Tulioana mwaka uliofuata, tukamzaa Skola, na katika ndoa yetu ndefu, ambayo ilikuwa nzuri, sina sababu ya kusema vinginevyo, kulikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila mdogo wake alipotajwa: "Nilichelewa." Alisema hivyo akivuta shuka asubuhi, alisema hivyo akimenya muhogo, na hata alipolazwa safari yake ya mwisho, kwa ugonjwa ambao haukuwa na uhusiano na mafigo, aliniambia nimwombee radhi kwa Gau, kwamba alichelewa. Wiki zile tatu, kati ya telegramu na barua, alizibeba yeye. Nilikuwa na nafasi ya kumtua mzigo kila siku kwa miaka yote hiyo. Sikumtua, na kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi, na sijui kwa nini, kwa kuwa nilimpenda.

Basi asubuhi ile jikoni Gaudensi hakungoja chai. Alikwenda chumbani akarudi ameinama, amekumbatia kitu ndani ya fulana, akakiweka sakafuni mbele yangu. Lilikuwa jeusi bado upande mmoja. Alisema, "Nilipopata jibu lenu, nilisoma figo limetumwa kwa meli. Hiyo A niliiona kosa la uchapaji. Nikajua kaka ananicheka. Daktari aliponiuliza kama nina ndugu atakayenitolea, nilimwambia sina ndugu." Akalitazama jiwe. Lilimfikia Novemba, alisema, ameshapona, na karani wa posta ya kule alikuwa ameizungushia wino mwekundu ile fomu yangu. Alikaa nalo sakafuni hosteli tangu mchana mpaka giza. "Ndipo nilipojua kwamba kaka alitoa alichoombwa. Jiwe hili lilinirudishia ndugu. Lakini sikuwahi kujua nani alibadilisha, na kumwuliza Desi kwa barua niliona ni kama kumlaumu."

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kidole sikioni, penseli na wino, na Omari. Sikutaja laini mbovu. Alisikiliza huku akisugua masizi kwa kidole gumba, kisha akaniuliza kama Desi alijua. Nikasema hakujua. "Alikufa akijua amechelewa?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa tayari kutukanwa, hata ningefarijika. Badala yake alisema figo la yule mgeni lilimtunza miaka kumi na saba, kisha likachoka akapata jingine, na hajui la kaka yake lingemfikisha wapi, wala Desi angeishi vipi na moja kwenye baridi hii na jembe hili. "Sijui, shemeji. Nimesomea haya mambo maisha yangu yote na sijui." Alinyanyuka kwa shida, akalitoa lile tofali la zamani kwenye mafiga ya mama, ambayo sikuwahi kuyabadilisha, akaliingiza jiwe mahali pake. Halikukaa sawa. Mawe mawili yaliyobaki yalikuwa yamezama kidogo, na chungu kilielemea upande wa mlango. Akasema tu, "Kamwambie."

Nilikwenda peke yangu, jua limepanda na upepo unalalia nyasi. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu na mashada yalikuwa yameanza kunyauka. Nilisimama upande wa kichwani, kwa sababu sikio lake la kulia ndilo lililokuwa zima, na nikaona aibu, mwanamke mzima, bibi wa wajukuu, nisijue nianzie wapi. Nilianza na pole. Nikasema hukuchelewa, Baba Skola, ulicheleweshwa. Lakini hayo hayakutosha, yalikuwa maneno ya mtu anayesahihisha, kwa hiyo nikafanya kama nilivyofundishwa kufanya neno linapogoma. Nikamtajia polepole, kwa sauti, herufi moja moja, kama kwenye simu nyeusi: F kwa Fatuma. I kwa Idi. G kwa Gogo. O kwa Omari. Ilikuwa O, Baba Skola. Nilimsikia.